Kuuliza maswali kwa Kiingereza: itoe ile NA, ME, LI au TA tumboni mwa kitenzi uipeleke mbele

Kamwene kwa watu wa Iringa na Njombe, ugonile kwa wa Tukuyu na Kyela, na wengine wote habari za saa hizi. Mi nipo Uyole hapa Mbeya, jioni nafundisha tuisheni watoto wa fom wani sebuleni kwangu na wikiendi wanakuja vijana wa bajaji na dada wawili wa gesti, maana huku kwetu Kiingereza siyo cha mtihani tu, ukifika Tunduma ukavuka mpaka upo Nakonde, Zambia, ambako Kiingereza ndo lugha rasmi ya serikali, madereva wa malori wanalala huku kwetu, wageni wanakuja kupanda mlima Ngozi na kuangalia kimondo cha Mbozi, na wote hao kuna kitu lazima utawauliza. Na kuuliza ndo kunakowashinda watu wengi. Kujieleza mtu anajitahidi, atasema "I am from Mbeya, I sell rice", lakini akitaka kuuliza anabaki na sauti ya kupandisha mwishoni tu.

Nianze na kitu nilichokiona stendi ya Nane Nane. Nilikuwa nasubiri mzigo wa ndizi toka Tukuyu, kijana wa tiketi akamwendea mgeni mmoja mwenye begi kubwa mgongoni akamuuliza "You pay?" Yule mgeni alishalipa kwa mtu mwingine dakika kumi nyuma. Kijana alikuwa anauliza umelipa?, mgeni akasikia kama anaambiwa alipe, akatoa hela tena, kijana naye akapokea akijua ndo analipa mara ya kwanza. Wakati wa kuondoka yule mtu aliyelipwa kwanza akaja na tiketi, ikawa kelele, mgeni anaona kaibiwa na kijana anaona kasingiziwa, kumbe hakuna mwizi pale. Hela ilirudishwa ila yule mgeni alipanda basi amenuna na kijana alibaki na aibu siku nzima, na kilichowagombanisha ni neno moja tu lililokosekana.

Sasa angalia. Kwa Kiswahili yule kijana ana maneno matatu tofauti kabisa, umelipa, ulilipa, utalipa, hata mtoto wa chekechea hachanganyi. Kwenye Kiingereza chake yote matatu yakawa "you pay". Wakati umepotea njiani.

Umepotea kwa sababu sisi wakati tunauweka tumboni mwa kitenzi. U-ME-lipa. U-TA-lipa. Hatuioni kama neno, ipo mle ndani inafanya kazi yake. Waingereza ile ME wanaiweka nje inasimama kama neno linalojitegemea, "have". TA ni "will". Haya maneno yanayosimama nje ndo vitabu vinayaita vitenzi visaidizi, na swali la Kiingereza halitengenezwi kwa kupandisha sauti, linatengenezwa kwa kumtoa huyo msaidizi nyuma ya mtendaji na kumleta mbele yake. Basi. "You will pay" ni utalipa, "Will you pay?" ni swali. "You have paid" ni umelipa, "Have you paid?" ni swali, na hilo ndo swali ambalo kijana wa Nane Nane alilihitaji.

Nyumbani nawafanyia watoto hivi na wewe unaweza kufanya hata peke yako mezani. Nakata boksi la sabuni vipande, kila kipande neno moja kwa maka pen, THE BUS, WILL, LEAVE, watoto watatu wanasimama mstari kila mmoja kashika chake kifuani. Halafu nasema "swali!" na anayeruhusiwa kutembea ni mmoja tu, yule mwenye WILL, anapita mbele ya THE BUS anasimama. Wengine hawagusi kitu. Kuna binti mmoja mpole sana, mwezi mzima hakufungua mdomo darasani kwangu, siku aliyoshika WILL alicheka mwenyewe akasema "kwahiyo ni mimi tu ndo nahama!" Ndiyo mwanangu, ni wewe tu ndo unahama.

Sasa tuende kimoja kimoja, vingine tutapita haraka vingine tutakaa.

TA ni "will", nimeshamaliza. NGE ni "would", ungefanya nini? "What would you do?"

ME ni "have", ila kwa yeye mmoja au kitu kimoja ni "has". Kitenzi kinachofuata kinakuwa cha umbo la tatu, lile la eat, ate, eaten. Umekula? "Have you eaten?" Mgeni amefika? "Has the guest arrived?" Na ile JA ya hajafika, hujala, ni ndugu yake ME, ukiuliza basi limeshafika au bado unasema "Has the bus arrived yet?", hiyo "yet" mwishoni ndo bado yetu.

LI hapa ndo pana kazi, kaa vizuri. Ukisema ulilipa kwa Kiingereza ni "You paid", na msaidizi humuoni. Hayupo nje, amejificha ndani ya "paid", kama LI yetu inavyokaa ndani. Lakini ukitaka kuuliza hana namna, lazima atoke, na akitoka jina lake ni "did". Na akishatoka, kile kitenzi kinabaki mtupu, kinarudi kuwa "pay", kwa sababu ule wakati uliokuwa ndani yake umeshatoka na did. "Did you pay?" Kwahiyo ukisema "Did you paid?" au "Did you went?" umeweka LI mbili, ni sawa na mtu aseme ulilienda sokoni. Hakuna anayesema ulilienda. Nikiwaambia watoto hivo wanacheka, lakini toka siku hiyo mwenye kusema "did you went" wenzake ndo wanamwambia "ulilienda!" na anajirekebisha mwenyewe. Shika hilo tu, LI moja inatosha.

NA ina milango miwili na ndo inasumbua kuliko zote. Kiswahili unafanya kazi wapi? inaweza kuwa sasa hivi naona umevaa ovaroli unafanya kazi wapi, au kwa ujumla maisha yako kazi yako ni wapi. Sisi tunaelewana kwa mazingira. Mwingereza anataka uchague mlango kwanza. Kama jambo linaendelea sasa hivi, msaidizi ni "am, is, are" na kitenzi kinavaa -ing, "Are you waiting for someone?", unasubiri mtu? Kama ni mazoea, ile ambayo kwa Kiswahili ungeweza kubadilisha ukaweka HU bila maana kuharibika, msaidizi ni "do", na kwa yeye mmoja "does". Dereva wa lori ukimuuliza "Do you sleep in Tunduma?" unamuuliza huwa analala Tunduma, yaani ndo utaratibu wake wa safari. Jaribu kuingiza HU kichwani kabla ya kufungua mdomo: huwa unalala? Ikikubali, ni do. Ikikataa, ni are.

Na "does" ina tabia ileile ya "did". Kwenye "She sells rice" kuna kile ki-s kimekaa kwenye sells. Ukiuliza, ki-s kinahamia kwa do, inakuwa does, na sell inabaki bila kitu, "Does she sell rice?" Ki-s ni kimoja, hakilali nyumba mbili, kwahiyo "Does she sells" hapana.

Labda unajiuliza hii do inatoka wapi wakati haina maana yoyote. Kiukweli zamani Waingereza wenyewe hawakuihitaji kila mara, enzi za Shakespeare aliyefariki 1616 mtu aliweza kuuliza "Know you this man?" akaeleweka, na wengine wakati huohuo wakasema "Do you know", zote zilikuwepo, ila taratibu hii ya do ndo ikashinda. Kwahiyo usiitafutie tafsiri. Kazi yake ni kuziba nafasi ya msaidizi pale ambapo msaidizi hayupo.

Pale ambapo msaidizi yupo, usimwite do. Hapa nawaomba sana maana kosa hili linasikika kila siku, "Are you know me?" na "Do you are a teacher?" Msaidizi ni mmoja kwa swali. Kwenye wewe ni mwalimu tayari kuna "are", inatembea yenyewe, "Are you a teacher?" Kwenye unanijua hakuna are kwa sababu kujua siyo kitendo kinachoendelea kama kupika, ni do, "Do you know me?" Na ile una chenji? isikudanganye kwa sababu ina na, ni kuwa na kitu, unasema "Do you have change?"

Wapi, nini, lini, kwa nini

Kiswahili tunayaweka mwisho bila wasiwasi, unaenda wapi, unakula nini, utarudi lini. Ndo maana vijana wanasema "You go where?" na mgeni anaelewa, sitasema haelewi. Lakini Kiingereza kinataka hilo neno liende mwanzo kabisa, kisha msaidizi, kisha mtendaji. "Where are you going?" "When will you come back?" Wengi wakishajua kupeleka where mbele wanasahau kumhamisha msaidizi, wanasema "Where you are going?", na hili nimelisikia hadi kwa watu waliosoma vyuo vikuu, tena watu wazima wenye vyeo. Mambo yanayohama ni mawili. Mlete where, halafu mlete are, halafu ndo you.

Nani ina siri yake nzuri na Kiswahili kinakusaidia. Angalia nani amekaa wapi. Nani alikuona? nani yupo mwanzo, yeye ndo mtendaji, basi usilete did, "Who saw you?" Ulimwona nani? nani yupo mwisho, mtendaji ni wewe, hapo did anaingia, "Who did you see?" Dada mmoja wa gesti alikuwa anauliza "Who did take the key?" kila siku, nilipomwonyesha hili alitulia akalijaribu kwenye funguo, kwenye simu, kwenye taulo, "Who took the key? Who took the towel?", na hajakosea tena mpaka leo.

Na ukiuliza muda "What time does the bus leave?" mgeni akikuuliza wewe hivo, kumbuka saa yao na yetu zimepishana sita. Basi la saa kumi na mbili asubuhi ni "at six". Nimeona watu wakijibu "at twelve" na mgeni akaja saa sita mchana na begi lake wakati basi limeshafika Makambako.

Kina can, could, may, shall, should, would

Hawa ni rahisi kuliko unavyodhani. Wanahama wenyewe kama will, hawavai s, hawamuiti do, na kitenzi kinachofuata kinakuwa kitupu. "Can he come?" siyo "Can he comes" wala "Does he can come". Kazi iko kwenye kujua yupi wa kumtumia, na hapo ndo heshima inapokaa. Sisi huku ni watu wa heshima, mtoto hawezi kumwambia mzee nipe maji, anasema naomba maji. Sasa mtu huyohuyo mwenye adabu akiongea Kiingereza anasema "Give me passport" na anaonekana mkali wakati moyoni kasema naomba. Naomba yetu kwa Kiingereza mara nyingi inakuwa swali. Naomba kuona pasipoti yako, "Could I see your passport, please?" Naomba unisaidie, "Could you help me?" Can inafaa kwa mtu mliyezoeana, could ina unyenyekevu zaidi, na may kwenye kuomba ruhusa ni rasmi, kila aliyesoma sekondari anaijua "May I come in?" ya mlangoni.

Unapenda chai nayo ina mtego. "Do you like tea?" unamuuliza mtu kama chai ni kitu anachokipenda maishani. Kama chupa ipo mezani na unamkaribisha, ni "Would you like some tea?" Mgeni anaweza kukujibu "Yes, I do" kwa ile ya kwanza akabaki anakuangalia, na wewe unabaki unamwangalia, chai inapoa.

Halafu kuna ile E ya mwisho, nimlete hapa kwa sababu sijaona watu wengi wakiifundisha. Tunaposema nikubebee begi? twende? niwaletee chai?, ile E inauliza ridhaa. Kiingereza cha Uingereza hapo kinatumia "shall". "Shall I carry your bag?" "Shall we go?" "Shall I bring you tea?" Na ukiwa unaomba ushauri, nifanye nini? nishuke wapi?, ni "should", "What should I do?", "Where should I get off?" Vijana wa bajaji nawaambia hii "Shall I carry your bag?" ni dhahabu, maana ukisema "I carry your bag" ukashika begi mgeni anashtuka anafikiri unalipora, ukiuliza kwanza anakupa mwenyewe.

Lazima ni "must" lakini kwenye swali watu wengi wanapendelea "have to", na hii have siyo ile ya ME, hii inamwita do. Ni lazima nilipe sasa? "Do I have to pay now?"

Swali la kukanusha, niwe muwazi hapa

Miaka ya nyuma nilifanya kazi risepsheni kwenye hoteli moja. Usiku kaingia mgeni amechoka, nikamuuliza "You don't want dinner?" akatabasamu akasema "No." Mi kichwani kwangu swali lilikuwa hutaki kula?, na Kiswahili mtu akikujibu hapana hapo, anakataa maneno yako, yaani hapana, nataka. Nikaenda jikoni nikaomba wamtengenezee wali wa mchele wa Kyela na samaki mbasa wa kukaanga. Nilipompelekea alinishangaa sana, "I said no." Sahani ilikatwa kwenye mshahara wangu na mpishi alinilaumu kwa haki, ilikuwa saa nne usiku ameshazima jiko.

Tofauti ni hii. Sisi ndiyo na hapana zetu zinajibu maneno ya muulizaji, hujala? ndiyo, sijala. Wao yes na no zinajibu ukweli wenyewe, kama hajala ni "No, I haven't", kama amekula ni "Yes, I have", haijalishi umeuliza kwa kukanusha au la. Kwahiyo ukitaka amani uliza bila kukanusha, "Would you like dinner?", na ukijibu wewe, rudisha yuleyule msaidizi aliyekuja kwenye swali. "Did you pay?" "Yes, I did." "Can you drive?" "No, I can't." Ukimrudisha msaidizi hakuna atakayekuelewa vibaya hata kama yes yako imeyumba.

Ile sivyo? ama si ndiyo? ya mwishoni watu wanaifanya "isn't it" kwa kila kitu. Inatakiwa msaidizi wa sentensi hiyohiyo, amegeuzwa kuwa kinyume. "You are from Zambia, aren't you?" "She came yesterday, didn't she?", did ile iliyokuwa imejificha kwenye came imetoka tena, umeiona?

Kitu kimoja cha mwisho kabla hujaanza mazoezi. Ukitaka kuuliza kwa kuzunguka kwa upole, naomba kujua basi la Kyela liko wapi, swali liko kwenye could tu, ile sehemu ya nyuma inabaki kama maelezo, msaidizi hahami. "Could you tell me where the Kyela bus is?" Ukihamisha mara mbili umezidisha.

Mazoezi fanya hivi, usichukue sentensi za kitabuni. Leo ukiwa unatembea Mwanjelwa au Miyomboni au popote ulipo, kamata maswali matano uliyouliza mwenyewe kwa Kiswahili, ya kweli, uyaandike kwenye simu. Kwa kila moja tafuta kilichopo tumboni, NA, ME, LI, TA, NGE, WEZA (hiyo ndo can), au E ya mwisho. Mtaje msaidizi kwa sauti. Mweke mbele. Halafu ndo umalizie. Mfano wa jana wangu mimi: mvua itanyesha? TA, will, "Will it rain?" Viazi vinatoka wapi? NA, inakubali HU, huwa vinatoka wapi, do, "Where do these potatoes come from?" Ulinunua shilingi ngapi? LI, did, "How much did you pay for it?" Mama amerudi? ME, has, "Has Mum come back?" Nikusubiri? E, shall, "Shall I wait for you?" Nani kafunga geti? nani yupo mwanzo, ndo mtendaji, hakuna wa kumwita, "Who locked the gate?"